Re: Duka linauza ila hela siioni, malengo ya mwaka mpya nianzie wapi?

Dada pole, na hongera kwa kuuliza mapema. Mi nakushauri malengo yasubiri kwanza, funga hilo duka la vipodozi hata nusu siku kabla ya tarehe 31 Desemba uhesabu mzigo wote kwa bei ya kununulia, sio ya kuuzia, ongeza keshi na hela ya kwenye simu na madeni yale unayojua kweli yatalipwa, halafu toa unachodaiwa na wa jumla. Hiyo ndo thamani ya biashara yako leo, ilinganishe na ulivyoanza mwaka. Kama imeshuka na wateja wapo basi mara nyingi hela inaliwa kwenye droo, elfu tano ya mboga, elfu mbili ya boda, vocha, na hakuna anayeandika. Jipangie mshahara, hata mdogo, uchukue siku moja ya wiki, basi.

Ukiwa unahesabu geuza kila chupa uone tarehe ya kuisha. Losheni ya kufa mwezi wa tatu iuze sasa hivi hata kwa bei uliyonunulia, maana Januari watu wanawaza ada na kodi ya nyumba.

Halafu usipige malengo kwa mauzo ya Desemba yatakudanganya, chukua mwezi wa kawaida kama Agosti. Na kama TRA (mamlaka ya mapato) walikukadiria kodi ya kulipa kwa awamu nne kwa mwaka wa kalenda, ya mwisho ni Desemba 31, itenge kabla hujaagiza mzigo mpya.