Maswali na Majibu: Gurudumu, Msuguano na Nishati Inayopotea

Barua nyingi za safari hii zinahusu vitu vinavyobingirika, na kosa moja limejirudia karibu katika zote: kudhani kwamba kila kinachosimama kimesimamishwa na msuguano.

Shikamoo mwalimu. Mtihani uliuliza kwa nini mpira unaobingirika sakafuni husimama. Nilijibu "msuguano", nikapata nusu ya alama. Je, nimeonewa? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tabora)

Marahaba. Hukuonewa. Mpira unaobingirika bila kuteleza hausugui sakafu, kwa kuwa sehemu yake inayogusa chini huwa imetulia katika nukta hiyo ya wakati, na msuguano usio na mtelezo hauli nishati. Tena, msuguano unaovuta kuelekea nyuma ungepunguza kasi ya mpira na papo hapo kuuzidishia mzunguko, mambo mawili yasiyoweza kwenda pamoja pasipo mpira kuteleza. Kinachousimamisha hasa ni kubonyea. Mpira na sakafu hubonyezana. Upande wa mbele hukandamizwa kwa nguvu kubwa kuliko ile ambayo upande wa nyuma huirudisha unapojinyoosha, na tofauti hiyo hugeuka kuwa joto. Hewa nayo huchukua sehemu yake. Mwalimu anayetoa alama zote kwa neno moja anawazoesha watoto kukariri, na ninampongeza wako kwa kukataa.

Kati ya gololi kubwa na ndogo, ipi huteremka upesi? (Msomaji, Moshi)

Swali hili huletwa kila mara na jibu halijabadilika: kama zote ni mango, yaani hazina uwazi ndani, na ni za aina moja, hufika pamoja. Kinachoamua ni umbo. Gololi mango hutumia 5/7 ya nishati yake kwenda mbele, pete hutumia nusu tu, na ndiyo maana pete huachwa nyuma.

Fundi ananishauri nipunguze upepo kwenye matairi ya guta langu ili lisipate pancha kwenye barabara mbovu. Ni sahihi? (Mbeba mizigo, Mbagala)

Si sahihi kwa mtu anayebeba mizigo, na ninaomba ushauri wa namna hii ukome. Tairi legevu hukunjamana kila linapokanyaga chini na kujinyoosha linapoinuka, lakini mpira haurudishi nishati yote uliyopewa. Inayosalia hugeuka joto. Weka kiganja ubavuni mwa tairi lenye upepo pungufu mara baada ya safari, kisha uguse lililojaa barabara, nawe utajua nguvu za misuli yako zimeishia wapi. Tairi la gari lililojazwa vizuri, likiwa juu ya lami, hupingwa na kani iliyo takriban asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito linaoubeba. Gurudumu la chuma juu ya reli hupingwa kwa asilimia 0.1 hadi 0.2 tu, kwa sababu chuma hakibonyei kirahisi, na hapo ndipo ulipo unafuu wa garimoshi.

Na pancha yenyewe huja kwa upesi zaidi. Tairi legevu likigonga ukingo wa shimo, tyubu hubanwa kati ya ringi na jiwe, ikatoboka matundu mawili yanayokaribiana. Ninakubali jambo moja: kwenye mchanga mzito kupunguza upepo husaidia, kwa kuwa tairi lililotanuka halizami sana. Ukirudi kwenye lami, jaza tena. Upime kwa geji, asubuhi, tairi likiwa baridi. Kulipiga teke si kupima.

Nimejaza grisi kwenye beringi lakini mkokoteni bado ni mzito. (Msomaji, Tanga)

Angalia matairi kwanza. Na grisi uipunguze: ikizidi, gololi huikoroga, beringi ikapata moto.

Msuguano ukiondolewa wote, je, magari yatakwenda bila mafuta? (Msomaji, Nakuru)

Hayatang'oka hata pale yalipo. Magurudumu yatazunguka bila kwenda popote, na breki hazitasimamisha kitu.

Nikishuka Kitonga ninaweka nyutro ili kuokoa dizeli. Mwenzangu ananilaumu. (Dereva wa lori, Iringa)

Mwenzako yuko sahihi, na ninakusihi uache leo. Lori la tani 30 likishuka kimo cha mita 100 huachia takriban megajuli 29 za nishati, kiasi cha kufikisha lita 90 hivi za maji ya kawaida kwenye kiwango cha kuchemka. Ukiwa kwenye gia nzito, injini hubeba sehemu kubwa ya nishati hiyo. Ukiwa kwenye nyutro, mzigo wote huziangukia breki, nazo zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko, ukakanyaga pedali na lori lisipungue mwendo. Hata hiyo dizeli huiokoi: injini nyingi za kisasa hukata mafuta kabisa unapoachia pedali lori likiwa kwenye gia, ilhali kwenye nyutro hulazimika kuendelea kuyachoma ili zisizimike. Ingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, kwa kuwa ukiwa katikati huenda isikubali kuingia. Ukisikia harufu ya breki kuungua, simama mahali salama na uziache zipoe zenyewe, wala usizimwagie maji, kwa sababu dramu zilizopata moto huweza kupasuka.