Jibu: Muziris ni Kodungallur au Pattanam?

Mkuu, umeuliza Muziris, ile bandari ya kale ya pilipili manga ya Kerala, kusini mwa India, ilikuwa wapi. Mimi naegemea Pattanam. Kodungallur ina mapokeo mazito, lakini uchimbaji wa pale haukutoa mabaki ya zama za Warumi. Pattanam, kilomita chache kusini, tangu 2007 wamefukua vigae vya mitungi ya divai kutoka Mediterania, shanga, punje za pilipili, hata mtumbwi na gati la matofali.

Wapinzani nao wana hoja: hakuna maandishi yaliyopatikana pale yenye jina Muziris, na kuna wanaoona jina limebandikwa haraka mno.

Tatizo kubwa ni mto Periyar. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 (huo huo unaoitaja Rhapta, bandari ya kale ya kwetu Afrika Mashariki, nayo bado inatafutwa) unaiweka Muziris stadia 20 (kipimo cha Kigiriki) kutoka mlangoni mwa mto, kama kilomita 4. Sasa, mto umehamahama, na wengi wanataja mafuriko ya 1341. Ukipima kutoka pwani ya leo unajidanganya. Tena bandari kubwa hivyo ingeweza kutapakaa kandokando ya mto, pande zote mbili.