Mwenye kamera ya mkanda, DSLR ya nini?

SWALI: Mhariri, mbona wenzangu wenye kamera za mkanda aina ya renjifainda hapa Dodoma wananunua pia DSLR (kamera ya dijitali yenye kioo cha ndani)? – Msomaji, Area C

JIBU: Ndugu msomaji, kwenye renjifainda unatazama kupitia kidirisha cha pembeni, si kupitia lenzi. Ukikisogelea kichala cha zabibu, kidirisha na lenzi vinaona tofauti, na lenzi nyingi za aina hiyo hazilengi karibu zaidi ya sentimita 70. DSLR hukuonyesha kile kile kinachoonwa na lenzi. Pia unabadilisha ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) ukitoka juani kuingia ukumbini. Mkanda wa ISO 400 ni huo huo hadi uishe.

Ila faida kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kunakili negativu (mkanda uliokwisha kusafishwa) ziwe picha za dijitali: lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu), kisanduku cha mwanga cha kuwekea negativu, ISO 100, tundu la lenzi f/8, faili la RAW (picha ghafi), na kioo cha ndani kiinuliwe kwanza ili kamera isitikisike. Kabla ya hapo, laza kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa negativu. Lenzi ikijiona katikati kabisa ya picha, kamera imenyooka. Ikienda pembeni, kona moja itatoka na ukungu. Vumbi la kiangazi liondoe kwa pampu ya mpira, kamwe usipulize kwa mdomo: mate huacha madoa.