Mama wa Molo na neno "sijaamua"

Vijana kadhaa wameniuliza kuhusu kazi ya kuhoji watu kabla ya uchaguzi, maana 2027 inabisha hodi na kampuni za utafiti zitatafuta wahoji. Mimi niliifanya mwaka 2022, kaunti ya Nakuru, Kenya. Malipo yalikuwa ya kawaida, viatu viliisha.

Kosa langu kubwa nililifanya Molo. Nilimkuta mama mmoja anamenya viazi mlangoni, na jirani yake amekaa kwenye kigoda akimsindikiza kwa maneno. Nikajitambulisha, nikaruhusiwa, nikafika kwenye swali lenyewe: kama uchaguzi ungefanyika leo, ungempigia nani kura ya urais? Mama akamtazama jirani, akakitazama kisu, akasema, "Bado sijaamua, kijana wangu." Nikabonyeza "sijaamua" nikaendelea.

Jirani alipoondoka, nami nimeshafunga begi, mama akanisindikiza hadi langoni na kunitajia jina kwa sauti ya chini. "Lakini hilo usiandike." Sikuandika. Anayeijua historia ya Molo, ya machafuko ya kikabila ya 1992 na ya 2008, hatamcheka. Kule jina la mgombea linaweza kuchukuliwa kama jina la kabila lako, na si vizuri kulitaja mbele ya kila mtu.

Kwa hiyo kabla ya swali la kwanza, tengeneza nafasi. Sema bila aibu, "Mama, tunaweza kukaa pembeni kidogo, sisi wawili?" Mume akianza kumjibia mkewe, mpe mama tableti abonyeze mwenyewe. Na kama hojaji imeunganisha "sijaamua" na "sitaki kusema" kuwa jibu moja, mlalamikie msimamizi siku ya mafunzo, kwa sababu hao ni watu wawili tofauti kabisa. Wa kwanza anaweza kubadilika, wa pili ameshamaliza. Kura nyingi za maoni za mwisho mwaka ule zilimweka Raila Odinga mbele. Masanduku yalipofunguliwa, William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Sisemi waliofunga midomo ndio walioleta tofauti yote. Nasema tu mimi mwenyewe niliwabonyeza wengi mahali pasipo pao.

Jambo la pili ni njia. Unapewa pa kuanzia, tuseme shule au duka la posho, kisha unaruka nyumba kadhaa kwa hesabu uliyopewa. Nyumba yangu moja ilikuwa na mbwa mkali, nikaiacha nikaenda ya jirani aliyekuwa akinitabasamia. Msimamizi aliona kwenye ramani, akanirudisha. Nilinung'unika, lakini alikuwa sahihi: ukiwahoji wanaotabasamu tu, utapata maoni ya watu wenye tabasamu. Tena saa tano asubuhi utawakuta wazee na kina mama, vijana wako shambani au kwenye boda. Rudi jioni. Na usipike data. Wasimamizi hupiga simu kwa baadhi ya waliohojiwa, na mzee wa Njoro atasema wazi kwamba hajawahi kukuona.

Kuna pia wale watakaokutajia mgombea kwa mbwembwe na siku ya kura walale. Mwaka 2022 walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 22, waliojitokeza takriban asilimia 65. Ukiuliza "utapiga kura?" kila mtu atasema ndiyo. Nilijifunza kuongeza: kituo chako ni kipi? Mpiga kura hasa hutaja shule palepale. Mwingine hukuna kichwa.

Mnaosoma matokeo, angalieni kaunti. Utafiti wa nchi nzima ukiwahoji watu 2,000, wakigawanywa kwa kaunti 47 ni kama 43 kila kaunti. Kwa taifa pengo la makosa, yaani kiasi ambacho matokeo yanaweza kupotoka, ni kama asilimia 2 juu au chini. Kwa hao 43 ni karibu 15. Hapo hata mgombea ugavana aliye nyuma kwa pointi 20 anaweza kuwa anaongoza. Sheria ya 2012 inamtaka anayechapisha kura ya maoni aseme aliwahoji wangapi, lini, kwa njia gani na nani amelipa, na inakataza kuchapisha siku tano za mwisho kabla ya kura. Mabango ya WhatsApp hayana habari na sheria hiyo.

Mjomba wangu alinitumia moja: mtu wake anaongoza kaunti yetu kwa mbali, picha ya tabasamu, rangi za chama. Nikamwuliza, mjomba, wa kwetu walioulizwa ni wangapi? Tiki ziligeuka samawati siku hiyohiyo. Jibu bado nalisubiri.