Konokono wasio na gamba: uliza chakula kabla ya bei

Ukimkuta kwenye duka la viumbe wa tangi la nyumbani konokono wa baharini asiye na gamba, kavaa rangi kama kanga mpya, usiulize bei kwanza. Uliza anakula nini. Muuzaji akibabaika, mwache hapo hapo. Wengi wao wana chakula kimoja tu: jamii ya Chromodoris hula sifongo, wanyama wa baharini wanaoota kwenye miamba, tena sifongo maalumu ambao huwapati kwenye tangi la nyumbani. Chakula cha samaki hawagusi. Watazunguka kwenye kioo huku wakisinyaa, hadi wafe. Hexabranchus sanguineus, yule mwekundu mkubwa anayepatikana hata pwani yetu, ni yale yale. Phyllidia ndiye balaa: akisumbuliwa hutoa sumu inayoweza kuua samaki tangini.

Anayefaa zaidi ni Berghia stephanieae, kwa kuwa hula anemoni (mnyama laini wa baharini mwenye mikono inayochoma) wa Aiptasia, wale wanaosambaa kwenye mawe na kuchoma matumbawe. Kama huna Aiptasia, huna sababu ya kumnunua. Nunua kadhaa kwa pamoja, maana ni wadogo na mmoja hupotea. Dondoshea maji ya tangi kwenye chombo chao kwa mpira mwembamba, polepole, muda wa saa moja. Chumvi ikibadilika ghafla wanakufa. Zima taa, kisha watoe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uwaweke jirani na Aiptasia wadogo. Mdomo wa pampu ufunikwe kwa sponji, la sivyo watavutwa humo. Kamba wa Lysmata wasiwemo tangini, maana huwala hawa konokono.

Aliyeshiba utamjua: vile vijinyuzi vya mgongoni hugeuka kahawia. Mwenye njaa hupauka. Ukiona uzi mweupe uliojizungusha kwenye jiwe, hayo ni mayai, usiyakwangue. Aiptasia wakiisha, wahamishie kwa mwenzako mwenye tatizo hilo hilo kabla hawajafa njaa.

Konokono mwingine, Dolabella auricularia, husafisha mwani wa nywele haraka ajabu, ila hukua hata kufikia sentimita 40, kwa hiyo tangi la lita 100 si lake. Mwani ukiisha, mfungie karatasi ya nori (mwani mkavu wa kuliwa) isiyo na viungo kwenye jiwe. Akitoa wino wa zambarau, weka mkaa wa kuchujia mara moja na ubadilishe sehemu ya maji.

Na kama tangi liliwahi kutiwa dawa ya shaba kutibu samaki, usiweke konokono yeyote: shaba hunasa kwenye mawe na mchanga, na huendelea kuvuja baadaye.