Paa la zamani Nakuru: nipime asbestosi au niling'oe?

Swali: Hujambo mhandisi. Tumenunua nyumba ya miaka ya 1960 hapa Milimani, Nakuru. Paa ni mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, yameota kuvu, na maji yake ya mvua ndiyo tunayokunywa. Fundi anataka kuyakata kwa grainda apitishe bomba la moshi la jiko, kisha vipande vijenge banda la kuku. Jirani anasema ni asbestosi. Nitajuaje? Na nibomoe paa lote?

Jibu: Mzuie fundi kwanza, mengine yatafuata.

Kwa macho tu hakuna anayeweza kuapa. Kenya ilipiga marufuku asbestosi, madini ya nyuzi nyembamba yaliyochanganywa na saruji, mwaka 2006, na karatasi za saruji zilizokuja baadaye hutumia nyuzi nyingine ingawa sura ni ile ile. Lakini yako ni ya miaka ya 1960. Ningekuwa mimi, ningelichukulia paa hilo kuwa asbestosi bila kulipia maabara. Pesa ya kipimo iwekee bodi za silingi na vigae vya plastiki vya sakafuni, maana navyo huenda vina asbestosi na huko kubahatisha ni kugumu zaidi.

Maabara hutazama nyuzi kwa hadubini maalum inayoonyesha jinsi zinavyopitisha mwanga, na hivyo hutambua aina yake: nyeupe, kahawia au bluu. Shida ni kwamba kuchukua sampuli ndiko kunakoweza kurusha vumbi. Afadhali afanye mtaalamu. Ikibidi uchukue mwenyewe, ondoa watoto, vaa barakoa ya kuchuja vumbi ya daraja la P3 (ile ya hospitali haitoshi), na ulowanishe mahali hapo kwa maji yenye sabuni ya vyombo. Banyua kwa koleo kipande kama ukucha wa kidole gumba, usikwaruze. Kitie ndani ya mifuko miwili ya plastiki, andika kilikotoka, paka rangi palipomeguka. Futa kwa kitambaa kibichi, nacho kifungie kwenye mfuko wake. Ufagio usiguse.

Katika karatasi za paa, asbestosi huwa takriban asilimia 10 hadi 15, nayo imeshikwa na saruji. Likiwa zima na limetulia, paa halitoi nyuzi nyingi. Grainda ndiyo huzifungulia, na zikivutwa hukaa mapafuni. Makovu ya mapafu, saratani ya mapafu na mesothelioma, saratani ya utando unaoyazunguka, huweza kuchukua miaka 20 hadi 40 au zaidi kujitokeza. Ndiyo maana fundi atakuambia amekata mengi na hajawahi hata kukohoa. Hadanganyi, ila hajamaliza kuhesabu.

Kuhusu maji, usikimbilie kisima. Hofu kubwa ya asbestosi ni kuivuta, si kuimeza. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo chake kwenye maji ya kunywa kwa sababu ushahidi wa madhara kwa njia hiyo hautoshi. Visima vingi vya Nakuru, kwa upande mwingine, vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, na hiyo huacha madoa kwenye meno ya watoto. Mwaga maji ya mvua ya kwanza, chuja yanayobaki, na tope la gata litoe likiwa bado bichi. Kuvu usiisugue kwa brashi ya waya wala mashine ya maji ya kasi.

Kubomoa? Kama mabati hayajapasuka wala kumomonyoka, yaache, uyakague kila mwaka. Yakichakaa, nenda ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, wakuelekeze kwa wenye leseni. Kanuni za taka za Kenya zinaihesabu asbestosi kuwa taka hatari: hulowanishwa, hushushwa nzima nzima, hufungwa kwa plastiki nzito na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Kwa hiyo si ya banda la kuku, wala si ya kutupwa jalala la Gioto usiku.

Bomba la jiko lipitishe ukutani. Mawe ya Nakuru hutoboka vizuri tu.