Kabla ya kuuliza kama anyolewe, tuulize ananyolewa na nani

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Je, ni haki shule za msingi kuwalazimisha watoto wa kike kunyoa nywele?" Nilitaka kuwajibu kwa maneno mawili, si haki, nikaendelee na shughuli zangu. Lakini chini ya swali mmeandika kwamba wanaotetea kunyoa wanasema kunazuia mapunye. Neno hilo limenirudisha mbali. Nyumbani kwetu tumeugua mapunye, na wa kwanza kuugua alikuwa ananyolewa vizuri tu, kila baada ya wiki mbili. Kwa hiyo naomba mniwie radhi nikijibu swali ambalo hamkuuliza: huyo mtoto ananyolewa na nani, kwa mashine ipi, na baada ya kichwa cha nani?

Mwaka 1996 nilikuwa darasa la tano, huko Muheza vijijini, kwenye machungwa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa la pili. Jumatatu mstarini kulikuwa na ukaguzi: kucha, sare, meno, nywele. Wavulana kwa wasichana, kichwa kilitakiwa king'ae. Basi Jumapili watoto wote wa kitongoji tulipelekwa kwa kinyozi mmoja chini ya mwembe. Alikuwa na mashine moja ya kubana kwa mkono, na ikianza kung'ang'ania nywele alimalizia kwa wembe. Akimaliza kichwa alichovya mashine kwenye kopo la maji, akaifuta kwa kitambaa alichokitupia begani, akaita, "Mwingine!" Tulikaa kwenye gogo tukisubiri zamu. Kopo lilikuwa moja, na maji yalikuwa yale yale kuanzia mtoto wa kwanza hadi wa mwisho.

Haikupita muda mdogo wangu akaanza kujikuna. Kwanza kilitokea kiduara kimoja cha kijivu kama shilingi, kina magamba, nywele zake zimekatika mpaka chini zikaacha vidoti vyeusi. Kisha vikawa vitatu. Mama akasugua ndimu na chumvi. Jirani akashauri mafuta ya taa, yakapakwa. Bibi akaponda kitunguu saumu, akakifunga kichwani kwa kitambaa usiku kucha, na asubuhi tukakuta malengelenge na mtoto analia hataki hata upepo umguse. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alimpenda mjukuu wake na alitumia alichokijua. Ila kitunguu saumu kibichi kinaunguza ngozi kama moto, na kwa nyumba ninazozijua mimi bado kinafungwa kwenye vichwa vya watoto.

Zahanati wakampaka GV, ile dawa ya maji ya kupaka vidonda, kichwa kikawa zambarau. Baadaye wakatoa mafuta ya Whitfield, yale mazito yanayowasha. Kiduara kilikuwa kinapungua wiki moja, kinarudi ijayo.

Shuleni ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Mwalimu wa zamu alimtoa mstarini, akamsimamisha mbele ya shule nzima, akasema, "Huu ndio uchafu." Mtoto wa miaka minane. Kuanzia siku hiyo wenzake walimwita Ramani, kwa sababu ya yale mabaka, na akawekwa dawati la nyuma peke yake. Mimi nilikuwa kiranja wa usafi. Nilisimama pale na daftari langu la majina nikiona aibu, na aibu yenyewe, Mungu anisamehe, ilikuwa ya kuonekana ni dada yake. Mama alikuwa anamwogesha asubuhi na jioni kwa sabuni ya kipande mpaka ngozi inapauka. Bado kisimani wanawake walisema ni mama mchafu.

Mapunye si uchafu. Ni fangasi. Anakula ile protini inayojenga unywele, na anaishi ndani ya unywele wenyewe na kwenye shimo unapochipukia. Ndiyo maana kunyoa hakumwondoi: unakata kilicho juu, yeye yupo chini ya ngozi. Na ndiyo maana mafuta ya kupaka peke yake hayamponyi mtoto, kwa sababu hayafiki huko chini. Anatoka kichwa kimoja kwenda kingine kwa mashine, chanuo, kofia, mtandio, mto wa kulalia. Wakati mwingine anatoka kwa paka wa nyumbani au ndama. Hata mtoto anayeogeshwa mara mbili kwa siku anaweza kumpata.

Mwezi wa tatu wa ugonjwa kichwa kikavimba. Uvimbe laini, ukubwa wa nusu ya chungwa, unatoa usaha kwenye vitundu vingi, na mitoki ikajaa nyuma ya shingo. Homa juu. Tulipompeleka, mahali ambapo sitapataja, walisema ni jipu, wakalipasua. Ilitoka damu nyingi na usaha kidogo. Baada ya wiki wakalipasua tena. Mimi ndiye niliyemshika miguu mara ya pili, mama alikuwa hawezi.

Mama akauza machungwa yangali mtini, mabichi, kwa bei aliyoitaka dalali, akapata nauli na fedha ya matibabu. Tukaenda Tanga mjini, hospitali ya Bombo. Tulipokelewa na mama mmoja wa makamo aliyevaa koti jeupe. Hakushika kisu. Alichukua kibano, akavuta nywele mbili tatu pembeni ya uvimbe, zikatoka bila mtoto hata kushtuka. Akamwambia mama, "Hili si jipu, mama. Ni mapunye yaliyokasirika. Mwili wake unapigana nayo. Ukipasua unaongeza kovu tu."

Alitoa vidonge vya griseofulvini, wiki nane bila kuruka siku, na akasisitiza vinywewe pamoja na chakula chenye mafuta, kwani bila mafuta mwili hauifyonzi dawa ipasavyo. Kwetu mafuta ni nazi. Kwa wiki nane mama alipika kibakuli cha wali wa nazi kila jioni kwa mtoto mmoja, katika nyumba ambayo wali wa nazi ulikuwa wa sikukuu. Sisi wengine tulikula ugali wetu tukimtazama. Mdogo wangu alinenepa. Uvimbe ukanywea, magamba yakaisha, nywele zikaota, isipokuwa pale palipovimba. Pale pana kovu linalong'aa mpaka leo, na mtu mzima wa miaka zaidi ya thelathini hatoki nyumbani bila kofia.

Hadi hapa mnaona jibu langu linakwenda wapi: kunyoa hakukutuokoa, kunyoa ndiko kulikotuletea. Nilitaka niishie hapo. Lakini nilipokuwa naandika habari ya Bombo nimekumbuka jambo nililolisahau kabisa. Yule mama alituuliza nyumbani tuko watoto wangapi, akasema tuletwe wote. Alipotukagua, mimi mwenye kipara nilikuwa salama, na kaka yangu vilevile. Aliyekutwa na baka ni kitinda mimba wetu, ambaye alikuwa hajaanza shule, kichwa kimesukwa twende kilioni. Baka lilikuwa limejificha chini ya misuko, na hakuna aliyejua limekaa muda gani. Alikuwa analala mto mmoja na mdogo wangu.

Na miaka miwili iliyopita yakanikuta mimi. Binti yangu anasoma shule isiyolazimisha kunyoa, nami nilijivunia jambo hilo. Nikamsuka yebo yebo kwa rasta, zikakaa wiki sita. Alipojikuna nilisema ni mba, nikapaka mafuta juu ya misuko. Nilipofumua nikakuta kiduara kile kile cha mwaka 1996, na pembeni mwa paji la uso vipele vidogo vidogo na nywele zimeanza kukimbia, kwa sababu msusi alikuwa amebana na mimi nikamwambia mtoto avumilie. Wahenga walisema ukitaka uzuri sharti udhurike. Mtoto wa miaka saba hakutaka uzuri, mimi ndiye niliyeutaka.

Nilikimbilia duka la dawa. Kijana akanipa mrija wa dawa tatu kwa pamoja, ile maarufu, "inamaliza kila kitu." Niliusoma nikaurudisha. Ndani yake mna steroidi kali, dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe isiyoua fangasi. Inazima muwasho siku mbili, mzazi anafurahi, huku fangasi anatanda taratibu na dalili zake zinafichika hata kwa daktari. Tulikwenda kliniki ya ngozi, akapewa vidonge vya terbinafini wiki nne, na shampuu ya ketokonazoli ya kupunguza mbegu za fangasi zisiambukize wengine. Nilichemsha foronya na mitandio, nikatupa chanuo. Aliendelea kwenda shule, kwa kuwa mtoto aliyeanza dawa hana sababu ya kutengwa. Nywele zake zimerudi zote.

Basi nimekaa na swali lenu tangu juzi, na jibu langu la maneno mawili limenikimbia. Kichwa kifupi kinaonekana. Mwalimu mwenye watoto tisini darasani hawezi kufumua misuko, ila anaweza kuona baka la kijivu kwenye kichwa kilichonyolewa, na akiliona mapema hatufiki kwenye uvimbe. Hilo siwezi kulikana, ingawa linaniuma kuliandika.

Kwa hiyo mkihesabu kura, yangu iwekeni upande wa kunyoa. Lakini darasa la kwanza hadi la nne tu. Mapunye ni ya watoto wadogo. Wakikaribia kubalehe mafuta ya ngozi ya kichwa hubadilika, fangasi huyu hapapendi tena, na ugonjwa unakuwa nadra. Msichana wa la saba, au wa sekondari, kumnyoa kwa kisingizio cha mapunye hakuna msingi wowote, na nikiulizwa juu yake nitapiga kura ya hapana kwa mikono miwili. Hao wadogo nao wapunguzwe nywele, wasipigwe wembe, maana wembe unachubua na mchubuko ni mlango. Ikiwezekana kwa mashine ya nyumbani. Kama ni saluni, mzazi asimame pale aone meno ya mashine yanapigwa brashi mpaka nywele za aliyetangulia zitoke, kisha yanafutwa kwa spiriti, kabla haijamgusa mwanawe. Kinyozi mwema hachukii kuombwa.

Na mwalimu akiona baka, amwite mzazi pembeni. Asimtoe mtoto mstarini.

Nilimsomea mdogo wangu barua hii kwa simu kabla ya kuituma. Alinyamaza kidogo, akasema niitume, ila nisitaje shule. Kisha akaniambia amenunua mashine yake, na kila Jumamosi anawanyoa wanawe wawili mwenyewe, barazani, na kabla ya kunyoa anaanza kwa kupapasa kila kichwa kwa vidole, polepole, mpaka nyuma ya shingo.

Msomaji wenu, Tanga